Bastola ya marehemu: leseni hairithiwi

Wasikilizaji wetu wa Madaba, tuseme unauziwa bastola ya zamani ya marehemu, pamoja na mfuko wake wa ngozi, risasi na leseni. Je, leseni hiyo inakulinda? Hapana. Kwa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, leseni ni ya mtu aliyeandikwa, haimfuati mnunuzi. Uzee wa silaha si kinga, na risasi nazo zinahitaji kibali.

Tunakushauri usitoe hata shilingi kwanza. Anzia serikali ya kijiji, kisha polisi wa wilaya, wakague namba iliyochongwa kwenye chuma. Nanyi warithi, msiiuze kimyakimya wala kuificha darini; toeni taarifa polisi. Aliyekutwa nayo ndiye atakayejibu, si marehemu.