Mitandao ya zamani ikizimwa, ruta ya Rusizi itashika wapi? (3)

Oktoba 28, 2024, kampuni za Telstra na Optus za Australia zilianza kuzima mitandao yao ya 3G. Huko Japani, NTT Docomo, iliyofungua 3G ya kwanza ya kibiashara duniani Oktoba 2001, ilitangaza tangu 2019 kwamba siku ya mwisho ya mtandao huo ni Machi 31, 2026. Sababu zilielezwa katika sehemu mbili zilizopita: masafa ni machache, na 4G huyatumia vizuri zaidi. Leo zamu ni ya kivuko cha mpakani cha Rusizi I, pale mto Rusizi unapotoka Ziwa Kivu na kuitenga Cyangugu ya Rwanda na Bukavu ya Kongo.

Mto wenyewe ni mwembamba. Laini ya Kongo hunasa mnara wa Bukavu ikiwa bado Rwanda, na ya Rwanda hufanya vivyo hivyo ng'ambo. Ruta iliyofungwa ndani ya gari la abiria inaweza kubadili mtandao mwenyeji kabla dereva hajazima injini.

Kuzima mtandao si jambo geni katika ukanda huu, na wanaolipanga sasa wangefaa kuisoma historia yake. Miko Rwayitare, aliyezaliwa Rwanda mwaka 1942, alianzisha Telecel mjini Kinshasa mwaka 1986, wakati nchi nyingi za Afrika hazijaiona simu ya mkononi. Simu moja iliuzwa kwa takriban dola 5,000, ikabebwa na mawaziri na matajiri. Ilikuwa ya kizazi cha kwanza, ya analojia, na kizazi hicho kimeshazikwa. Hakuna aliyekililia: waliokuwa nacho walikuwa wachache, tena wenye uwezo wa kununua kingine. Watumiaji wa leo ni mchuuzi, kituo cha afya na dereva. Kuwatendea hao kama walivyotendewa wateja wa Telecel ni dhuluma.

Historia nyingine ya ukanda huu ni ya rominga, yaani kutumia laini yako kwenye mtandao wa ugenini. Septemba 2006 Celtel, kampuni iliyoanzishwa na Mo Ibrahim, ilifuta gharama zake kati ya Kenya, Uganda na Tanzania. Mwaka uliofuata Kongo nayo ikaingizwa. Umoja wa Ulaya ulifuta gharama hizo kwa raia wake Juni 2017, miaka zaidi ya kumi baadaye! Afrika Mashariki iliongoza dunia katika jambo hili, na inastahili kulisema kwa sauti. Serikali za Kenya, Uganda na Rwanda zilifuata kwa mpango wao wa 2014. Kongo ilikamilisha uanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki Julai 2022, hivyo mto Rusizi sasa ni mpaka wa ndugu wa nyumba moja.

Tatizo lenyewe ni hili: mkataba wa rominga wa 2G na 3G haubebi 4G. Kampuni mbili hulazimika kuunganisha mitambo upya, kuijaribu na kupatana. Zisipofanya hivyo, ruta ya mgeni hukataliwa na mnara wa 4G, ikateremka kimya kimya hadi 3G, na mwenyewe asijue kwa miaka. Siku 3G inapozimwa, taa hubaki nyekundu chini ya mnara unaofanya kazi.

Kuna na mitego midogo. Laini za zamani za 2G haziingii 4G kabisa. Kwenye 3G ruta huweza kujisajili kwanza na kuomba data baadaye, lakini kwenye 4G data huombwa papo hapo mlangoni, na APN (jina la lango la data) iliyoandikwa vibaya hufukuzisha ruta nzima. Nyingine zimepangwa kama simu: zikikosa njia ya sauti ugenini, huiacha 4G zenyewe na kwenda kutafuta 2G.

Mamlaka za mawasiliano, RURA ya Rwanda na ARPTC ya Kongo, zisiruhusu mnara wowote wa zamani uzimwe mpakani kabla rominga ya 4G haijajaribiwa pande zote mbili za mto. Wenye ruta nao wasingoje. Afunguaye ukurasa wa mipangilio leo achague 4G pekee, avuke daraja, kisha aitazame taa.