Kudaka Droni Angani: Swali Lililonipa Sapu

Mwaka jana nilikula sapu kwenye somo la mwendo wa maji na hewa. Nikifeli tena, nadisko. Swali lililonimaliza lilionekana jepesi: kwa nini ni vigumu ndege kubwa kudaka droni angani? Nikajibu kwa kujiamini kwamba wala si vigumu. Zikienda kwa kasi ileile, upande uleule, ni kama zimesimama pamoja. Unanyoosha mkono, unachukua. Nikapata sifuri.

Kosa langu ni kwamba nilihesabu ndege mbili nikaisahau hewa. Bawa huibeba ndege kwa kuisukuma hewa chini. Kwa hiyo nyuma ya ndege kubwa kuna hewa inayoshuka, na kwenye ncha za mabawa hewa inajisokota kama kimbunga kidogo, ikipanda kwa upande wa nje. Droni ikiingia hapo, bawa moja linasukumwa juu, jingine chini, nayo inabiringika. Ukitaka kuionja hali hiyo, panda bodaboda kwenye barabara kuu, lori la mizigo liwapite. Dereva hajagusa kitu, lakini pikipiki inayumba.

Wamarekani walilijua hilo kwa vitendo. Oktoba 2020, katika mradi wa Gremlins, walijaribu mara 9 kudaka droni za X-61A kwa ndege ya C-130. Zote zilishindikana, droni zikashuka kwa parachuti. Oktoba 2021, huko Utah, wakafanikiwa kudaka moja; nyingine iliharibika katika majaribio hayohayo.

Mbinu yenyewe iko hivi. C-130 inateremsha kebo ndefu yenye kichwa mwishoni, na kichwa hicho kina mapezi ya kukituliza. Kinakaa chini na nyuma, mbali na hewa iliyovurugika zaidi. Droni inakisogelea taratibu, inanasa. Kisha injini inazimwa na mabawa yanakunjwa, ndipo inavutwa ndani. Kwa nini yakunjwe? Kwa sababu bawa lililokunjwa halipati tena nguvu ya kuinuka, hivyo droni hairushwirushwi ovyo jirani na mkia wa ndege.

Kwenye sapu nilitoboa. Ninyi wa mwaka wa pili, swali hili likija msikimbilie kuandika kasi. Chora kwanza hewa inapita wapi.