Miaka Miwili ya Uuguzi Omani

Kwa miezi sita ya mwanzo niliyoishi Muscat, sikuwa nimeiona Muscat. Nilijua njia moja tu, kutoka bweni la wauguzi hadi lango la hospitali, nayo niliipita ndani ya basi la kampuni ambalo mapazia yake yalifungwa kwa sababu ya jua. Zamu yangu ilianza saa moja usiku na kumalizika saa moja asubuhi. Nikirudi nilioga, nikalala, nikaamka kwa swala ya Adhuhuri, nikapika, nikapiga simu Tanga, kisha nikajiandaa kurudi kazini. Mshahara ulipoingia niliukokotoa kwa shilingi. Riali moja ya Omani ni zaidi ya dola mbili na nusu za Kimarekani, na hesabu hiyo ndiyo iliyokuwa burudani yangu.

Kufika huko hakukuwa jambo jepesi. Vyeti vyangu vilihakikiwa kimoja baada ya kingine, kisha nikakaa kwenye kompyuta kufanya mtihani wa Prometric, ambao wauguzi wa kigeni huujua kwa jina na kwa hofu. Hayo yalichukua karibu mwaka mzima. Lililokuwa zito zaidi lilikuwa nyumbani. Mtoto wetu alikuwa na umri wa miaka minne. Mume wangu, ambaye ni mwalimu, aliridhia baada ya kuswali istikhara na kuzungumza na wazee, na mama yangu akakubali kumlea mjukuu wake. Mjomba ndiye aliyeuliza, mbele ya watu wote, ni nani atakayekuwa mahramu wangu huko. Halikuwa swali la dharau, nami sikulipokea hivyo. Mume wangu alinisindikiza, akakaa wiki mbili, akaliona bweni la wanawake na utaratibu wake, akarudi moyo umetulia. Mjomba hakutulia, na mpaka leo hajatulia. Tunasalimiana kwa mapenzi, na suala hilo tunaliacha lilipo.

Wodini kwetu wauguzi wengi walikuwa Wahindi na Wafilipino. Lugha ya kazi ilikuwa Kiingereza, lugha ya wagonjwa Kiarabu, na Kiarabu changu kilikuwa cha madrasa: kilijua dua nyingi, lakini hakikujua kumuuliza mtu tumbo linamuuma upande gani. Usiku mmoja mwenzangu alinifuata, akasema kuna bibi chumba cha mwisho ambaye Kiarabu chake hata Waarabu wenyewe hawakielewi. Nilipoukaribia mlango nikasikia sauti nyembamba: "Maji, jamani. Nipeni maji."

Jina lake na maradhi yake ni amana, sitayataja. Alizaliwa Unguja, akaondoka msichana baada ya Mapinduzi ya 1964, akatangatanga na wazazi wake hadi walipoingia Omani baada ya 1970, mwaka ambao Sultani Qaboos alishika madaraka na kuwaita wenye asili ya nchi hiyo warejee kuijenga. Kabla ya hapo Omani nzima ilikuwa na shule tatu tu. Waliotoka Afrika Mashariki walikuwa wamesoma, hivyo wengi waliingia maofisini, mashuleni na mahospitalini. Wenyeji wakawaita Wazinjibari, jina ambalo lilitamkwa kwa heshima au kwa kejeli, kulingana na mdomo. Wajukuu wa bibi yule walikifahamu Kiswahili kwa kukisikia, lakini walipomjibu, walimjibu kwa Kiarabu.

Alikuwa na binti anayefanya kazi London, ambaye alipiga simu kila usiku. Bibi hakuwa na nguvu za kuishika, kwa hiyo nikamshikia sikioni. Nilijaribu kutosikiliza, lakini mtu hawezi kuziba masikio huku mkono mmoja umeshika simu na mwingine unarekebisha dripu. Waliongea juu ya theluji, juu ya soko ambalo binti alinunua bamia, juu ya mzee mmoja wa Kiingereza aliyemfundisha binti majina ya ndege. Dakika ishirini nzima.

Mimi na mwanangu tulikuwa tumefika mahali pabaya. "Umekula?" Ndiyo. "Umesoma?" Ndiyo. "Haya, mpe bibi simu." Tofauti ya saa baina ya Muscat na Tanga ni saa moja tu, kwa hiyo sikuweza kusingizia majira. Sikuwa na la kumwambia. Maisha yangu yalikuwa wodi na kitanda, na mambo ya wodi hayasimuliwi kwa mtoto.

"Mwezi wa sita huu," bibi aliniambia usiku mmoja, "na hujenda popote? Hata Mutrah? Mwanangu, utarudi kwenu na pesa, watakuuliza Omani ikoje, utawaambia ina vitanda vingi?"

Basi siku yangu ya mapumziko iliyofuata nilikwenda Mutrah pamoja na wauguzi wawili wa Kihindi. Hatukutoka peke yetu hata mara moja, huo ulikuwa utaratibu wangu toka mwanzo. Tulitembea sokoni, tukanunua halua, tukanywa kahawa yenye iliki, nami nikanyweshwa vikombe sita kabla sijaambiwa kwamba asiyetaka tena hukitikisa kikombe anapokirudisha. Jioni nilimsimulia mwanangu habari ya kikombe. Alicheka. Akaniomba niisimulie tena.

Kampuni iliyoniajiri ina vituo kadhaa, na sisi wa mkataba tulihamishwa kila palipopungua watu. Wenzangu walilalamika, nami nilikuwa mmoja wao, mpaka nilipopelekwa Nizwa. Mji huo umezungukwa na mitende na milima mikavu, na hapo niliuona mfereji uitwao falaj. Maji yanachukuliwa chini ya ardhi, mbali, huko yalikojificha, kisha yanashuka kwa mteremko mdogo sana bila pampu hadi mjini. Kwanza yanapita mahali pa kuchota ya kunywa, kisha msikitini na mahali pa kuogea, ndipo yaende mashambani. Kila mwenye shamba ana zamu yake iliyogawanywa kwa vipimo vya karibu nusu saa, na kwa karne nyingi zamu hizo zilipimwa kwa kivuli cha jua mchana na kwa nyota usiku. Mifereji mitano ya Omani, ukiwemo Falaj Daris wa Nizwa, iliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006. Nilikaa kando yake kutoka Alasiri hadi karibu na Magharibi, miguu majini.

Mwanangu alitaka kujua: "Mwenye zamu akilala?"

"Maji yanampita, yanakwenda kwa mwenzake."

Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza kama mimi nikilala kwenye zamu wagonjwa wangu wanakwenda kwa mwenzangu.

Tangu hapo aliyeuliza maswali akawa yeye. Nilimpa mnada wa mbuzi wa Nizwa, ambapo Ijumaa asubuhi wauzaji huwazungusha mbuzi kwenye duara na wanunuzi huwasimamisha ili kuwashika mgongo na kutazama meno. Nilimpa Sur, ambako majahazi yaliundwa kwa msaji kutoka India, yakaja kwetu na kaskazi na kurudi na kusi, yamebeba boriti za Lamu. Mume wangu alianza kukaa karibu na simu. Nadhani alitaka kusikia na yeye.

Wanaofikiria njia hii nawaambia machache. Mkataba niliosaini Dar es Salaam kwa wakala ulisema makazi na usafiri ni bure. Nilipofika nikakuta makato. Nilikuwa na nakala yangu, nikaionyesha, na sehemu ya fedha ikarudishwa baada ya miezi minne. Asiye na nakala hana la kuonyesha. Hati ya kusafiria ni ya mwenyewe, asimwachie mwajiri. Likizo ya mwaka ni siku 30, idaiwe. Tena nafasi za wageni hazidumu, kwani Omani inawasomesha vijana wake wazishike wao, na hiyo ni haki yao.

Salalah ndiko nilikomalizia. Ni mwendo wa kilomita karibu elfu moja kutoka Muscat, basi likikata jangwa usiku kucha. Nilifika mwezi wa Julai, wakati kaskazini mwa nchi joto linavuka nyuzi 40, nikashuka kwenye manyunyu na ukungu. Upepo wa kusi, uleule unaoinamisha minazi ya Tanga, huleta msimu wa khareef katika milima ya Dhofar, ikawa kijani kwa miezi mitatu. Watu husafiri kutoka nchi zote za Ghuba kuja kulowa. Pembezoni mwa barabara kuna vibanda vya madafu, ndizi na mapapai. Nilisimama kwenye kibanda kimoja na dafu mkononi, nikalia, muuzaji akadhani amenipa lililochacha.

Huko ndiko habari ilinikuta kwamba mama amepata kiharusi na amelazwa. Usiku ule nilikuwa na mgonjwa mzee ambaye ilibidi ageuzwe kila baada ya saa mbili ili mgongo usitoke vidonda. Nilikuwa nikimgeuza mama wa mtu, na sikujua nani anamgeuza wangu. Mume wangu alikuwa kule, dada yangu alikuwa njiani kutoka Arusha, nami nilikuwa na ujuzi wote unaohitajika, mbali naye. Alfajiri ujumbe uliingia kutoka kwa muuguzi kijana wa wodi ile, ambaye mume wangu alimpa namba yangu: "Dada, mama tumemgeuza saa nane na saa kumi. Ngozi iko salama." Sijapata kusoma maneno matamu kuliko hayo. Bibi wa Muscat alikuwa ameshafariki wakati huo, Mwenyezi Mungu amrehemu, na nilitamani kumsomea.

Mkataba ulipoisha miezi miwili baadaye nilipewa mwingine. Sikuusaini. Mama anakaa, anakula kwa mkono wa kushoto, na mguu unaanza kutii. Nimepata kazi hapa Tanga, na mshahara wake siufananishi na ule.

Nilileta ubani wa Dhofar, ambao mama huufukiza jioni za Alhamisi. Mwanangu hakuujali sana. Amechimba mfereji kutoka bombani hadi kwenye tuta la mchicha, akamgawia zamu kila mtu wa nyumbani, mjomba akiwemo anapokuja kutuamkia. Maji bado hayafiki. Anasema mteremko umekosewa.