Butembo na Beni: Kabla ya kutupa dekoda, angalia kichwa cha parabole

Kwenye mabati ya nyumba za Butembo na Beni, parabole ni nyingi. Picha inapokatika, wakaaji wanalaumu dekoda ao mvua. Katika eneo ambapo watu wanangojea habari za usalama kila jioni, hasara hiyo si ndogo. Lakini wakati mwingine kosa liko kwenye kichwa cha parabole: kimegeuzwa vibaya.

Wimbi la redio linatikisika likisafiri. Linaweza kutikisika wima, kwa kulala, ao kwa kuzunguka. Mwelekeo huo unaitwa polarizasio. Dekoda inauchagua kwa umeme inaotuma kwenye kichwa: volti 13 kwa wimbi la wima, volti 18 kwa lile la kulala. Kichwa kikikosea kwa robo ya duara, mawimbi hayo mawili yanabadilishana nafasi, na chaneli zinapotea.

Butembo na Beni ziko karibu kabisa na ikweta. Kwa setilaiti nyingi zinazoonekana upande wa mashariki ao magharibi, wimbi linaloitwa la kulala linafika hapa likiwa karibu wima. Ndiyo sababu fundi akifuata mchoro uliotengenezwa kwa ajili ya Ulaya anaweza kukosa picha.

Wanasayansi wanatafuta namna ya kugeuza wimbi lenyewe bila kugusa kichwa. Mwaka 1898, Mhindi Jagadish Chandra Bose alionyesha kwamba nyuzi za juti zilizosokotwa zinageuza mwelekeo wa wimbi. Leo kazi hiyo inafanywa na metamateria: karatasi nyembamba zenye michoro midogo ya chuma, inayorudiwa maelfu ya mara. Wimbi la setilaiti za televisheni lina urefu wa sentimita 2.5 hivi, michoro hiyo ni midogo kuliko hapo. Umbo lake ndilo linaloamua wimbi litoke likiwa wima, la kulala ao la kuzunguka.

Wimbi la kuzunguka lina faida kwa mkaaji: kichwa hakihitaji kugeuzwa. Starlink, iliyopewa leseni nchini Congo mwaka 2025, inatumia mawimbi ya namna hiyo.

Kwa parabole za kawaida, dawa bado ni mkono wa fundi: kulegeza kichwa, kukizungusha polepole, huku mtu mwingine akitazama nguvu ya signali kwenye televisheni.