Protini Inayoua Malale, Kisha Ikageukia Figo

Mbung'o akimwachia ng'ombe kimelea aina ya Trypanosoma brucei brucei, ng'ombe huugua nagana na kukonda. Kimelea hichohicho kikiingia kwa mchungaji, hufa. Daktari Mfaransa Alphonse Laveran aliona tangu mwaka 1902 kwamba damu ya binadamu ina kitu kinachoangamiza vimelea hivi, lakini ilichukua karne nzima kukipata. Mwaka 2003 watafiti wa Brussels walikitaja: protini iitwayo APOL1. Kimelea huimeza, nayo ikishafika ndani hutoboa utando wake, chumvi na maji vikafurika hadi kikavimba na kufa.

Kimelea kimoja kilipata dawa ya APOL1. Trypanosoma brucei rhodesiense, kinacholeta malale huku kwetu Tanzania, Uganda, Malawi na Zambia, kina protini ya SRA inayoishika APOL1 na kuizima. Binadamu nao wakajibu. Barani Afrika, hasa Magharibi, zilienea aina mbili za jeni ya APOL1, G1 na G2, ambazo SRA hushindwa kuzishika barabara. Nakala moja yatosha kumpa mtu kinga. Tatizo kubwa, la figo, humpata aliyerithi mbili, moja kwa baba na moja kwa mama.

Hilo lilibainika mwaka 2010, kwa kazi iliyoongozwa na watafiti wa Boston. Madaktari wa Marekani walikuwa wamezoea kuona figo za Wamarekani weusi zikichakaa mapema kuliko za weupe, wakasingizia presha na hali ya maisha. Presha huua figo kweli, na umaskini huzidisha. Lakini takriban asilimia 13 ya Wamarekani weusi wana nakala mbili za hatari, na hao ndio wanaobeba sehemu kubwa ya tofauti ile. Wala si suala la rangi ya ngozi: jeni hizi karibu hazipo Ethiopia, ilhali kwa Wayoruba wa Nigeria ni za kawaida.

Ndani ya figo, damu huchujwa na vifundo vidogo vya mishipa vilivyokumbatiwa na seli ziitwazo podosaiti. Seli hizi hujitengenezea APOL1 yao wenyewe, na ikiwa ni ya G1 au G2 hutoboa utando wa seli iliyoizaa, kama ilivyozoea kukitoboa kimelea. Podosaiti zikifa hazioti tena kirahisi. Protini za damu huanza kuvuja, mkojo unatoa povu, kichujio kinaota makovu. Upandikizaji ulisaidia kuthibitisha haya: figo iliyotolewa na mtu mwenye nakala mbili huelekea kuchoka mapema, hata ikiwa aliyeipokea hana jeni hizo. Madhara yamo katika figo yenyewe, si katika APOL1 inayotengenezwa na ini na kuzunguka kwenye damu.

Hata hivyo wengi wenye nakala mbili hawaugui kamwe. Mara nyingi panahitajika kichocheo, na kinachojulikana zaidi ni virusi vya UKIMWI. Mwili ukipambana na virusi hutoa interferoni, nayo huzisukuma seli kutengeneza APOL1 kwa wingi. Ndiyo maana dawa za ARV huwaokoa wengi na maradhi ya figo, faida isiyosemwa sana kliniki.

Kuna mkulima mmoja wa India aliyezaliwa bila APOL1 inayofanya kazi. Alijulikana baada ya kuugua Trypanosoma evansi, kimelea cha wanyama ambacho kwa kawaida hakimwezi binadamu. Figo zake zilikuwa salama. Kwa hiyo figo haina haja na protini hii, na kuizuia ni njia ya tiba. Kidonge kiitwacho inaxaplin hufanya hivyo: katika jaribio dogo lililochapishwa mwaka 2023, protini katika mkojo ilipungua kwa wastani wa asilimia 47.6 ndani ya wiki 13. Kupungua huko si sawa na kuokoa figo, na majaribio makubwa zaidi ndiyo yatakayoamua.

Mimi nina swali jingine. Mgonjwa wa Chicago hana mbung'o wa kumhofia. Wa Busoga, Uganda, anaye, na kabla ya kumwandikia dawa inayoizuia APOL1, daktari wake atapaswa kujua kama kinga yake dhidi ya vimelea itabaki palepale.