Karatasi ya kupimia maji isilete ugomvi
Ndugu wakimbizi na viongozi, kwenye robine tunapima klorini kwa karatasi ndogo inayogeuka rangi. Maji yanapochotwa yanapaswa kuwa na klorini angalau miligramu 0.2 kwa lita, ili kuzuia kipindupindu.

Lakini unyevu, joto na jua huharibu dawa iliyo kwenye karatasi hiyo. Ikiharibika hudanganya: maji yenye klorini yanaonekana hayana, na watu wanaanza kumshuku mlinzi wa robine au jirani.

Kwa hiyo tunawaomba: toeni karatasi kwa mkono mkavu, fungeni kopo mara moja, liwekeni kivulini, angalieni tarehe ya mwisho. Kabla ya kulaumiana, pimeni tena kwa kopo jipya, wenyeji na wakimbizi mkitazama pamoja.