Pesa za Mbwa Zilizolala Kashani

Ijumaa moja, nimetoka msikitini na kanzu bado i mwilini, nilimkuta dada yangu amekaa barazani kwangu akinisubiri. Dada yangu si mtu wa kutoka nyumbani mchana wa jua kali, basi nikajua kuna jambo. Tulipokwisha kujuliana hali, alivuta pumzi akaniuliza: “Kaka, wewe umesoma. Niambie, pesa zitokazo kwa mbwa ni halali?”

Nilipomuuliza ni mbwa gani, alitoa simu akanionesha picha. Mwanawe, mpwa wangu, aliyekwenda Abu Dhabi kutafuta riziki, amesimama mchangani ameshika ukanda, na mwisho wa ukanda yuko mbwa mrefu, mwembamba, mwenye masikio ya kuning’inia na miguu iliyotiwa hina kama ya bi harusi. Mama mtu alikuwa ameambiwa kuwa kijana anatunza farasi. Picha ile ilipita simu hata simu mpaka ikafika arusini, na mwanamke mmoja akasema mbele za watu: “Kumbe mwanao kaenda Arabuni kuwatia hina mbwa!” Dada yangu aliondoka kabla ya biriani kupakuliwa.

Tangu siku hiyo, kila pesa kijana alizoleta alizitoa kwa wakala, akazifunga katika leso, akazitia kashani chini ya kofia ya marehemu mumewe. Miezi minne zimelala humo, na paa la nyumba linavuja, na masika yako mlangoni.

Msomaji wangu, mimi ni mtu wa mashairi na magazeti, si mufti. Nilimwambia dada yangu anipe siku chache nikaulize. Lakini kusema kweli, kabla ya kumuuliza mtu mwingine nilijiuliza mwenyewe, nikakumbuka jambo la utotoni.

Tulipokuwa chuoni, vijana wa rika langu, ilikuwa ada yetu kumtupia mawe kila mbwa aliyepita kichochoroni. Hatukuona kosa, tuliona tunaitetea dini. Siku moja maalim wetu alitukuta tumemzingira mbwa mmoja aliyevunjika mguu. Hakuinua bakora. Alituketisha papo hapo mchangani, akatusimulia Hadithi ya yule mtu aliyeshuka kisimani kunywa, na alipotoka akamwona mbwa anaramba udongo kwa kiu, akashuka tena, akajaza kiatu chake maji, akamnywesha, na Mwenyezi Mungu akamsamehe madhambi yake. Kisha akamtuma mmoja wetu akalete maji. Aliyetumwa nilikuwa mimi. Nimeusahau uso wa yule mbwa, lakini uzito wa ile ndoo sijausahau.

Usiku ule nilimpigia simu mpwa wangu. Kwanza alinyamaza. Kisha akasema: “Mjomba, niliogopa kumwambia mama. Nilidhani akijua ataniona nimeanguka.” Nikamwambia: tuyaache hayo kwanza, hebu nieleze hiyo kazi yenyewe. Hapo kijana akafunguka kama bahari iliyopata upepo.

Mbwa yule huitwa saluki. Ni mbwa wa nasaba wa Waarabu, wa mbio na usasi, na jamii yake ni ya kale sana. Dume lake huwa na kimo cha kati ya sentimita 58 na 71 mabegani. Kifua chake ni kirefu, kiuno kimeingia ndani, na hasasi kwa pua kama mbwa wengine bali kwa macho: akimwona paa kwa mbali, basi kazi imekwisha anza. Wako wenye manyoya laini mafupi na wako wenye mashungi masikioni na mkiani. Mabedui hawakumweka saluki daraja moja na mbwa wa mitaani. Walimruhusu kuingia hemani, wakamfunika baridi ilipozidi, na kwa desturi yao hawakumwuza. Walimpa mtu kama tunu. Ama ile hina iliyomuudhi dada yangu si pambo tu. Hupakwa nyayoni ili ngozi iwe ngumu, isichanwe na mawe wala kuunguzwa na mchanga.

“Na kumfundisha, mwamfundishaje?” nikauliza. Akanieleza kwamba saluki hafundishwi kwa fimbo. Ukimpiga leo, kesho hakuji. Atasimama mbali akutazame tu. Huanzwa angali mtoto, azoee jina lake, ukanda wa shingoni na sauti ya mtu mmoja. Mazoezi ni alfajiri kabla jua halijapanda, kwa sababu joto la kule huua. Siku hizi kuwasaka wanyama pori kumekatazwa katika nchi ile, basi mbwa hushindanishwa mbio wakifukuza sanamu ya paa inayovutwa na gari. Katika Tamasha la Al Dhafra, huko Abu Dhabi, kuna mbio za saluki na kuna mashindano ya uzuri wao pia. Waamuzi hutazama umbo, mwendo na afya. Kazi ya mpwa wangu ni kulisha, kuosha, kukagua nyayo, na kumzoeza mbwa asimame kimya mtu asiyemjua anapompapasa.

Niliposikia hayo nilifungua vitabu vyangu vya chuoni, nikastaajabu. Mambo aliyoniambia kijana yamo mumo humo, na tumeyasoma sote, ila hatukuyatia akilini. Katika Sura ya Al-Maida, aya ya nne, Mwenyezi Mungu amehalalisha kilichokamatwa na wanyama wa kuwindia waliofunzwa, na neno lililotumika kwa wenye kuwafunza, mukallibina, limetokana na kalb, yaani mbwa. Elimu hiyo ya kufunza imenasibishwa na Mwenyezi Mungu mwenyewe, kwamba ndiye aliyewafundisha watu. Naye sahaba Adi bin Hatim alimuuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, juu ya usasi wa mbwa, akajibiwa kwamba ukimtuma mbwa wako aliyefunzwa na ukalitaja jina la Mungu, basi kula alichokushikia. Lakini mbwa akila katika windo, usile, maana amejishikia mwenyewe.

Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wakaweka alama za mbwa aliyefunzwa. Akitumwa aende. Akizuiwa akome. Akikamata ashike bila kula. Na hayo yajirudie mpaka ijulikane kuwa ndiyo tabia yake. Hebu zitazame alama hizo, ndugu msomaji. Mwalimu yeyote wa mbwa wa leo, awe London au Nairobi, akisomewa, atasema hiyo ndiyo kazi yake.

Wazungu nao walikuja kumjua saluki kwa kuchelewa. Mwaka 1895 bibi mmoja Mwingereza, Florence Amherst, alianza kuwafuga kwao, na ikachukua hata mwaka 1923 ndipo klabu kuu ya mbwa ya Uingereza ikawatambua rasmi. Klabu hiyo iliundwa mwaka 1873, na maonyesho mashuhuri ya Crufts yalianzishwa na Charles Cruft mwaka 1891. Hapa kwetu ipo klabu ya mbwa ya Afrika Mashariki, yenye makao Nairobi, nayo huandaa maonyesho yake.

Wengi hudhani kuwa katika maonyesho hayo mbwa hushindanishwa mmoja kwa mwingine kama ng’ombe wa mnadani. Sivyo. Kila jamii ya mbwa ina maandishi yanayoeleza umbo lake kamili, na mwamuzi humpima mbwa kwa maandishi hayo. Humfungua kinywa akatazama meno, humpapasa mgongo na mabega, kisha humwambia mwenyewe amkimbize kidogo auone mwendo. Mbwa akimng’akia mwamuzi, uzuri wake wote haumfai kitu. Kwa hivyo anayepimwa pale si mbwa peke yake; ni mlezi pia. Wazee wetu walikwisha sema: mbwa wa msasi mkali ni mkali pia.

Yuko na mbwa mwingine ambaye kisa chake chatuhusu sisi Waswahili kwa jina lake. Katika misitu ya Kongo kuna mbwa mdogo wa usasi, masikio wima, mkia umejipinda, asiyebweka kama wengine. Aliitwa basenji, neno lenye undugu na lile letu la “washenzi”. Mwaka 1937 mbwa huyo wa “washenzi” alioneshwa Crufts, na leo ni jamii yenye nasaba iliyoandikwa na kuheshimiwa. Jina la dharau halikumpunguzia kitu.

Lakini tusije tukapotea njia. Sisemi watu wa Pwani sasa waanze kulala na mbwa vyumbani. Sheria yetu inajulikana. Mate yake na unyevu wake kwetu sisi Mashafi ni najisi nzito, huoshwa mara saba na moja kwa udongo; akigusa kikavu kwa kikavu, hakuna cha kuosha. Wamaliki, ambao ndio madhehebu ya kale ya Abu Dhabi, wao wamesema mbwa ni tohara, na tofauti hiyo ni ya wanazuoni, si ya kutukaniana arusini. Na tumefundishwa pia kwamba mwenye kufuga mbwa pasipo haja ya usasi, mifugo au shamba, thawabu zake hupunguka kila siku. Hiyo ni amri ya kumfanya mtu afikiri kabla ya kufuga. Si ruhusa ya kutesa.

Na kufikiri huko ndiko kunakokosekana. Tembea mitaa ya Mombasa usikie. Mtu ana duka au ghala, huleta mbwa wa ulinzi, akamfunga mnyororo mfupi juani mchana kutwa, maji hana, akidhani njaa ndiyo imfanyayo mkali. Jike akizaa, watoto hutupwa jaani, nao ndio mbwa koko wa kesho. Chanjo hawajui. Basi kichaa cha mbwa kinapozuka, anayeumwa ni mtoto wa jirani aliyetumwa dukani.

Ugonjwa huo dalili zake zikishatokea kwa binadamu karibu hauna aponaye, na takriban kesi zote za watu hutokana na kuumwa na mbwa. Kenya ilijiwekea mpango mwaka 2014 wa kuumaliza ifikapo mwaka 2030, na silaha yake kubwa ni kuwachanja mbwa kila mwaka. Aliyeumwa na aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha akimbilie hospitali siku hiyo hiyo kupata sindano. Asisubiri kuona mbwa atakuwaje, wala asipakwe dawa za uchochoroni. Mwenye mbwa naye amchanje, amlishe, amfunge kwa adabu, asimwache azae ovyo. Asiyeweza hayo asifuge.

Siku ya nne nilimwendea maalim mmoja mtu mzima ninayemwamini, nikamweleza kisa chote. Alicheka kidogo, kisha akasema: “Mtume amekataza thamani ya mbwa, na Mashafi hatumwuzi wala hatumnunui. Lakini kijana huyu hakuuza mbwa. Ameuza jasho lake: kuamka alfajiri, kulisha, kuosha. Kwa rai yangu ujira wake ni wake. Mwambie ajitoharishe kwa sala zake. Na mwambie jambo moja zaidi: mbwa hakumtia aibuni. Kilichomtia aibuni ni ule uwongo wa farasi.”

Nilimfikishia mpwa wangu maneno hayo yote, na la mwisho nalo sikulipunguza. Usiku huo huo alimpigia mamake akamwomba radhi. Sikuwapo, lakini dada yangu alinihadithia. Alimwacha alie mpaka akamaliza, kisha akamuuliza swali moja tu: “Na je, waosha mara saba?” Kijana akajibu: “Naosha, mama, na udongo nimeweka ndani ya kopo kando ya mlango.” Akamwambia: “Basi Mungu akuweke.”

Wiki ile leso ilitoka kashani. Mabati yamekwisha pigwa upande wa jikoni, na mvua ya kwanza ilipokuja haikuingia hata tone. Juzi nimepita nikakuta mbele ya mlango wa nyuma, pale mbwa koko wa mtaa hupenda kupumzika, pana chungu cha zamani kilichopasuka ukingo, kimejaa maji. Sikuuliza aliyekiweka, naye hakunambia. Nilirudi nyumbani nikaandika ubeti huu, nikamtumia mpwa wangu kwa simu:

Mnyama hana hatia, kwa jina alilopewa,
Dhambi itamwangukia, mfuga asiyejuwa,
Maji ukimpatia, kwa Mola utajaziwa,
Liweke chini jiwelo, maji ndiyo ya kutowa.